Siku Vibarua Walipokataa Kucheka

Katika shamba la mzee Shaaban pale Makutupora, Dodoma, hakukuwa na kibarua wa kike aliyechuma zabibu kama Anyesi Ndahani, na mwenyewe alilijua hilo. Wengine walivuta kichala mpaka mzabibu mzima ukatikisika. Anyesi alikishika kwa kikonyo tu, vidole viwili, akakata kwa mkasi, akakilaza ndani ya kreti kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Ule unga mweupe unaokaa juu ya zabibu ulibaki pale pale. Wanunuzi wa Dar es Salaam walipofika na malori yao, makreti yake ndiyo yaliyofunguliwa mbele yao kwanza.

Alikuwa na miaka ishirini, na huo ulikuwa msimu wake wa tatu. Kila Agosti alishuka kutoka Kibakwe, milimani kwao, pamoja na shangazi yake Ruthu, wakalala wiki sita katika kambi ya vibarua na kurudi nyumbani upepo wa vumbi ukiwa umekwisha kuwapasua midomo. Mwaka ule, tisini na mbili, vibarua walikuwa wengi kuliko kawaida. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mtu aliyekuwa na uwezo alinunua shamba, mwenye lori alifanya biashara, na asiye na kitu alikwenda alikosikia kuna kazi. Walikuwepo Wagogo wa Chamwino, Warangi, Wanyaturu, na vijana wanne waliotoka Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi.

Mmoja wa hao wanne aliitwa Respicius. Kazi yake ilikuwa kubeba makreti kutoka kwenye mistari ya mizabibu hadi kwenye banda la kupakia. Mwaka sabini na mbili alivuka mpaka wa nchi akiwa mgongoni kwa mama yake, umri wake miaka mitatu, na Burundi yenyewe hakuikumbuka hata kidogo. Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wengi pale shambani. Alipomsalimia shangazi Ruthu hakusema shikamoo peke yake. Alianza na "mbukwa" ya Kigogo, kisha akangoja aitikiwe. Katika mfuko wa shati alitembea na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni: kibali cha mkuu wa makazi kinachomruhusu kuwa nje kwa miezi mitatu.

Yeye na Anyesi walianza msimu uliopita, kwa mambo madogo. Respicius aligundua kwamba Anyesi hutandika majani ya mzabibu chini ya kreti ili vichala visichubuke, basi akawa anamletea majani mabichi bila kuombwa. Anyesi akagundua kwamba kila asubuhi makreti matupu yanaanza kushushwa kwenye mstari wake. Wakawa wanakutana kwenye tangi la maji saa za mapumziko, wakizungumza huku kila mmoja akijifanya anasubiri ndoo ijae. Walikuwa wamekwisha kuambiana yale ambayo vijana huambiana. Kilichobaki ni shangazi, na nyuma ya shangazi alikuwepo Luka Ndahani, baba yake Anyesi, mtu wa maneno machache na maswali mengi.

Wiki ya tatu ya mavuno, Landrova moja na lori vikaingia shambani na watu wa sinema.

Walikuwa wanane, kutoka Dar es Salaam. Mkubwa wao, mwongozaji, aliitwa Wambura, mtu wa Musoma, mrefu, mwenye miwani aliyoifuta kila dakika kwa sababu ya vumbi. Mzee Shaaban alikuwa amemruhusu kupiga picha shambani kwa siku kumi. Wambura aliwakusanya vibarua mbele ya banda akawaeleza shida yake.

"Tunatengeneza filamu ya mapenzi," alisema. "Kijana mkimbizi na binti kibarua wanapendana shambani. Nimezunguka kwenye mashamba mengi, nimesikia mambo haya yanatokea. Waigizaji wakubwa ninao. Ninyi nitawaomba mfanye kazi zenu kama kawaida, na siku moja moja msimame pamoja tuwapige picha."

Watu wakatazamana. Wengine walimtazama Respicius, wakidhani labda ndiye aliyekwenda kusimulia. Anyesi aliutazama mkasi wake.

Mwigizaji wa kike alikuwa Miriam, dada wa miaka ishirini na mitano hivi, mcheshi, aliyezoea jukwaa la mjini. Siku ya kwanza alipopewa mkasi alikata kichala, kikaanguka na kusambaa. Cha pili nacho kikaanguka. Mpiga picha akazima kamera, akasema kwa upole kwamba hata mtu asiyewahi kuona zabibu ataona kwamba huyu si mchumaji. Wambura akauliza nani anajua kazi hii vizuri. Vibarua hawakujadiliana. Walimsukuma Anyesi mbele.

Hivyo kwa siku tatu Anyesi akawa mwalimu. Alimfundisha Miriam kusimama miguu ikiwa imeachana ili mgongo usiume, kushika kikonyo, kugeuza kichala kuangalia kama kuna punje mbovu. Miriam alijifunza haraka na hakuona haya kuuliza. Walipopumzika, alitoa kitita cha karatasi zilizopigwa taipu.

"Mdogo wangu, unajua kusoma?"

"Nimemaliza la saba," Anyesi alijibu.

"Basi nishikie hizi. Wewe soma maneno ya kijana, mimi nijibu. Nisipozoea kusikia maneno yake nitasahau ya kwangu."

Anyesi akasoma. Binti katika karatasi aliitwa Tabu, na baba yake alikuwa mzee Chilongani. Hata mbwa wa mzee alikuwa na jina, Simba. Kijana peke yake hakuwa nalo. Kila alipotakiwa kusema, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: MKIMBIZI. Anyesi aligeuza kurasa mbele na nyuma akidhani labda jina liliandikwa mwanzoni tu. Halikuwepo. Akafika ukurasa ambao baba wa msichana anamfukuza kijana mbele ya vibarua wote, na vibarua wanamcheka, naye anapiga magoti kwenye vumbi na kusema: "Mimi sina kwetu, sina jina. Nisahau, Tabu." Kisha anaondoka akilia, na filamu inakwisha.

"Mbona umenyamaza?" Miriam aliuliza.

"Nimepoteza mstari," Anyesi alisema.

Mchana ule kwenye tangi la maji alimweleza Respicius. Alidhani atakasirika. Respicius alicheka.

"Ni sinema, Anyesi. Watu wanalipa kiingilio walie kidogo, warudi makwao."

"Lakini hata mbwa ana jina."

Ndoo ilijaa, ikaanza kumwagika, na Respicius hakulifunga bomba.

"Nilipokuwa darasa la kwanza," alisema, "kuna bwana mmoja alikuja makazini kutuhesabu. Akawa anatuita kwa kidole: wewe mkimbizi, njoo hapa, wewe mkimbizi, kaa pale. Baadaye nikawa naligeukia neno hilo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Baba aliponiona nageuka alinichapa. Hakuwahi kunichapa kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Akaniambia, wewe ni Respicius mwana wa Batholomeo, na mtu akitaka uende kwake akuite hivyo." Akainama akafunga bomba. "Kwa hiyo nimekuelewa. Lakini tufanye nini? Shamba si letu, na sinema si yetu."

Anyesi aliona kwamba lipo la kufanya. Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, alimfuata Wambura kwenye Landrova yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu," Wambura alisema. Watu wa sinema walikuwa wameanza kumwita hivyo.

"Yule kijana kwenye karatasi zako hana jina."

Wambura alivua miwani. Alimweleza bila dharau kwamba amefanya hivyo makusudi. Kijana yule anawakilisha wakimbizi wote, kwa hiyo akipewa jina atakuwa mtu mmoja tu. Na tena, karatasi zile zilikwisha kusomwa na kukubaliwa na waliotoa fedha za filamu.

"Wakimbizi wote ninaowajua mimi wana majina," Anyesi alisema. "Wapo wanne hapa shambani. Hujawauliza?"

Wambura hakuwa ameuliza. Alisema atafikiri, kwa sauti ya mtu mwenye mambo mengine ya kufikiri, na Anyesi akarudi kambini akiwa na hasira iliyomkosesha hamu ya ugali.

Siku ya nane ikawa siku ya tukio la kufukuzwa. Vibarua zaidi ya arobaini walipangwa nusu duara mbele ya banda. Mwigizaji wa kiume, Iddy, kijana mpole mwenye sauti nzito, alivalishwa shati lililochanwa. Wambura aliwaambia vibarua kwamba yule mwigizaji wa mzee Chilongani akiinua fimbo na kijana akipiga magoti, wao wacheke. Wacheke kwa nguvu, mpaka wasikike. Mkanda wa filamu ulikuwa umebaki kidogo, kwa hiyo aliwaomba wafanye vizuri mara ya kwanza.

Kamera ikaanza kunguruma. Mzee akainua fimbo, Iddy akapiga magoti kwenye vumbi, akasema kwamba hana kwao na hana jina. Wambura akapunga mkono kuwaashiria vibarua.

Hakuna aliyecheka.

Wambura akasimamisha kamera. Labda hawakuelewa. Akawaeleza tena, taratibu, na mpaka akawaonyesha mwenyewe, akacheka kwa sauti huku ameshika tumbo. Wakaanza upya. Iddy akapiga magoti tena. Mkono ukapungwa tena, na arobaini wale wakasimama vile vile, upepo ukipeperusha khanga za wanawake. Respicius na wenzake watatu walikuwa nyuma kabisa, karibu na makreti. Anyesi hakuwa amemwambia mtu yeyote asicheke. Alikuwa amejiapia yeye mwenyewe tu.

"Jamani, tatizo ni nini?" Wambura aliuliza.

Aliyejibu ni shangazi Ruthu, kwa Kiswahili chake cha polepole ambacho hakupenda kukitumia mbele ya wageni.

"Mwanangu, kijana huyu tumcheke kwa lipi? Vijana kama huyu wanatubebea makreti mwezi mzima. Mgongo wangu ukiuma, wao wanainama badala yangu. Leo apigwe na fimbo, mimi nicheke?"

"Lakini mama, huyu ni Iddy. Ni mwigizaji. Anaigiza tu."

"Najua ni mwigizaji," shangazi alisema. "Na mimi unataka niigize mtu asiye na adabu. Watanitazama huko Dodoma waseme, Ruthu wa Kibakwe ndivyo alivyo."

Mpiga picha aligeuza uso kuficha tabasamu. Wambura alitembea mpaka mwisho wa banda, akarudi. Jua lilikuwa likishuka, na kesho yake kamera ilikuwa inahitajika kwa matukio mengine. Akasimama mbele ya vijana wa Ulyankulu, na kwa mara ya kwanza tangu aje akawauliza majina yao, mmoja mmoja, akasikiliza. Alipofika kwa Respicius akamwuliza:

"Kama ni wewe umefukuzwa hivi, ungesema nini?"

Respicius hakuharakisha. Akaweka chini kreti alilokuwa nalo.

"Nisingepiga magoti. Ningesema jina langu na jina la baba yangu, ili mzee ajue anayemfukuza ni nani. Kisha ningerudi kwenye kazi. Zabibu zikishachumwa hazingoji."

"Na huyu wa kwenye filamu tumwite nani?"

"Mwite Thobias," alisema Respicius. "Mwana wa Batholomeo."

Anyesi alimtazama. Jina hilo la kwanza hakuwahi kulisikia. Baadaye Respicius alimwambia kwamba Thobias alikuwa kaka yake, miaka saba, ambaye hawakufika naye Tanzania.

Iddy alilirudia jina lile mara mbili tatu chinichini, akavua lile shati lililochanwa na kuomba la kawaida. Sasa likabaki swali la msichana. Kwenye karatasi, Tabu alitakiwa kuanguka na kuzirai. Miriam akasema haanguki. Alisema amemaliza siku tatu anafundishwa kusimama, hawezi tena kuanguka, na akamgeukia Anyesi.

"Mwalimu, angefanya nini?"

Anyesi alijua kabisa angefanya nini. Aliona pia kwamba akisema kwa maneno wataelewa nusu. Akatoka kwenye nusu duara, akapita mbele ya kamera iliyozimwa, akapita mbele ya shangazi yake, mpaka aliposimama Respicius. Akainama akashika upande mmoja wa kreti. Respicius alimtazama kwa muda mfupi, kisha akashika upande wa pili. Wakalinyanyua pamoja, wakatembea hatua kwa hatua mpaka ndani ya banda, hawakuzungumza wala hawakutazama nyuma. Lilikuwa kreti moja, la kubebwa na mtu mmoja, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo.

Wakatoka tena nje. Halafu mama mmoja wa Kirangi akapiga kigelegele kifupi, akajizuia.

"Hivyo," Anyesi alimwambia Miriam. Mashavu yalimwaka moto. "Angefanya hivyo."

Walipiga picha tukio lile mara moja tu, likatosha. Iddy alisimama wima mbele ya fimbo akasema, "Naitwa Thobias, mwana wa Batholomeo," na ile sauti yake nzito ilikwenda mpaka mwisho wa mizabibu. Miriam akashika kreti. Vibarua hawakuambiwa wafanye nini. Walifungua njia wenyewe, wawili wale wakapita katikati yao.

Jioni ile shangazi Ruthu alikuwa akipepeta mchele nje ya kambi. Anyesi alikaa kando yake, akingoja.

"Tangu lini?" shangazi aliuliza.

"Tangu msimu uliopita."

"Na mimi nalala nawe chumba kimoja." Akapepeta, akapuliza pumba. "Ni mtu wa kazi. Hilo nimeliona kabla yako. Lakini baba yako atauliza ndugu zake ni akina nani, na mimi siwezi kumjibu kwa niaba ya kijana. Aje ajibu mwenyewe."

Respicius alikwenda Kibakwe mwishoni mwa Septemba, wiki mbili kabla kibali chake hakijaisha, akiwa amevaa suruali ya mtumba aliyoipasi kwa makaa. Luka Ndahani alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamwonyesha vitunguu vyake, na mwisho akasema alichokuwa ameamua kusema.

"Wewe sina ubaya nawe. Lakini mimi siozeshi kwa mtu mmoja. Naozesha kwa watu. Mlete baba yako nimwone."

"Atakuja," Respicius alisema.

Kulisema lilikuwa jambo la dakika. Mzee Batholomeo hakuwa ametoka Ulyankulu kwa miaka ishirini. Ombi lake la kibali lilikwenda ofisini Novemba, likarudishwa kwa sababu hakuandika sababu, likaandikwa upya na mwalimu wa shule ya makazi, likakaa. Ikapita masika. Anyesi alikuwa akipokea barua moja ya Respicius kila mwezi. Wachumba wawili walikuja nyumbani katika muda huo, na kwa wote wawili alikwenda mwenyewe mlangoni, akawashukuru na kuwaambia amekwisha kuchumbiwa, mbele ya baba yake, ambaye hakumkanusha.

Juni filamu ikaonyeshwa Dodoma mjini, katika ukumbi uliokodishwa kwa siku mbili. Wambura alituma ujumbe kwa mzee Shaaban, na mzee akatoa lori lake kuwabeba vibarua waliokuwa shambani wakipogoa mizabibu. Luka Ndahani alisafiri kutoka Kibakwe na dada yake Ruthu, pamoja na Anyesi. Alisema ana shughuli zake mjini.

Ukumbi ulijaa watumishi wa ofisi, wanafunzi, wake za wabunge. Vibarua walipewa viti vya nyuma. Filamu ilikuwa na kasoro, sauti ilipotea mara mbili na picha zikatetemeka. Lakini lilipofika tukio la mwisho, na uso wa Ruthu ukaonekana mkubwa kama nyumba, umetulia, umekaza midomo, watu wa viti vya mbele waliacha kunong'ona. Iddy akasema jina lake. Vibarua kule nyuma wakasimama, si kwa kuambiana, na wakabaki wamesimama mpaka taa zikawashwa.

Nje ya ukumbi bwana mmoja mwenye suti alimuuliza Luka kama ni kweli yule mama alikuwa kibarua wa kweli.

"Ni dada yangu," Luka alisema. "Na aliyewafundisha kazi ni binti yangu, huyu hapa." Kisha, baada ya kufikiri kidogo, akaongeza: "Na jina lile ni la nyumba ya mkwe wangu."

Anyesi alitazama chini, asije akaonekana anavyotabasamu.

Agosti kibali kikatoka, siku kumi na nne. Mzee Batholomeo alifika Kibakwe kwenye lori la mahindi akiwa na mwanawe, amevaa koti zito lisiloendana na joto. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haya. Luka alitoka kumpokea mpaka barabarani. Lakini mgeni alikuwa amesimama amelipa lori mgongo, anatazama milima. Ulyankulu ni tambarare. Kwa miaka ishirini na moja macho yake hayakuwahi kupanda mlima. Alitazama mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko, njia nyembamba zilizopanda na kupotea, moshi wa nyumba za juu.

"Huku mnalima mpaka kule juu?" aliuliza hatimaye.

"Mpaka juu kabisa," Luka alisema. "Maharage yanakubali. Tatizo ni udongo kushuka na mvua."

"Unaushika kwa majani. Unapanda mistari ya majani kukata mteremko. Kwetu tulifanya hivyo." Mzee alivua koti, akampa mwanawe. "Una jembe la ziada?"

Luka alimtazama mgeni wake, kisha akamtazama Anyesi aliyekuwa amesimama mlangoni na maji ya kunawa.

"Mwanangu," alisema, "chakula kitangoja. Tuletee majembe mawili."